Mboga za Kudumu Karibu na Jiko: Somo kwa Wakulima wa Sehemu za Chai, Kericho na Bomet

Mwezi wa kwanza na wa pili, mtu akipita katika njia za mashamba ya Kericho na Bomet huona jambo la kushangaza. Nchi ni ya kijani tangu kilimani mpaka mtoni, lakini mama wa nyumba anashuka sokoni na kikapu kitupu kwenda kununua mboga iliyoletwa kwa gari kutoka mbali. Kijani chote kile ni chai, na chai haipikwi pamoja na ugali.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Watu walipopewa mashamba katika skimu za Sotik na kwingineko, chini ya ule mpango wa Eka Milioni Moja ulioanza mwaka 1962, kila nyumba ilikuwa na nafasi ya zizi, ya mahindi na ya mboga. Chai ya wakulima wadogo nayo ilikuwa changa; shirika la kwanza la kuisimamia liliwekwa mwaka 1960, na KTDA ikashika kazi hiyo mwaka 1964. Tangu hapo mashamba yamegawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, na kila aliyepata kipande chake alipanda chai kwanza. Siku hizi yako maboma ambayo ukifungua mlango wa jiko unagusa shina la chai. Siwalaumu, kwa maana chai ndiyo iliyolipa karo ya shule. Lakini iko hesabu nyingine ambayo lazima tuitazame. Uchunguzi wa afya uliofanywa na Serikali mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika Bomet zaidi ya theluthi moja ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani walikuwa wafupi kuliko ilivyopasa umri wao. Katika nchi nzima walikuwa 26 katika kila 100. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta hesabu ya nchi nzima imeshuka hadi 18. Kudumaa kuna sababu nyingi, na mboga peke yake haiwezi kukuondoa. Hata hivyo, ni vigumu kueleza kwa nini mtoto akose mboga ya majani katika nchi inayopata mvua kama hii yetu.

Somo la mwezi huu ni juu ya mboga za kudumu. Mboga ya kudumu ni ile ambayo ukiipanda mara moja unaichuma mwaka mzima au miaka kadhaa, bila kununua mbegu tena na bila kulima upya kila msimu. Mizizi yake hukaa ardhini, na kila ukikata huchipua. Mkulima wa chai hahitaji kufundishwa sana jambo hili, kwa maana chai yenyewe ni mmea wa namna hiyo. Unachuma majani machanga, shina linabaki.

Hesabu ya kipande cha ardhi

Chukua kamba, upime futi 30 kwa futi 20. Hiyo ni futi 600 za mraba. Eka moja ina futi 43,560 za mraba, kwa hiyo bustani yako ni sehemu moja tu katika 72 za eka. Chai iliyopandwa kwa nafasi ya futi 5 kwa futi 2 na nusu hutumia futi 12 na nusu za mraba kwa kila shina. Basi bustani hii inachukua nafasi ya mashina 48.

Tuseme kila shina linakupa kilo moja na nusu ya majani mabichi kwa mwaka. Mashina 48 yatakupa kilo 72. Tuseme tena kwamba malipo ya mwezi pamoja na bonasi yanafika shilingi 50 kwa kilo. Utapata shilingi 3,600 kwa mwaka, na hapo hujaondoa mshahara wa mchumaji wala bei ya mbolea. Sasa tazama upande wa jikoni. Nyumba inayonunua mboga ya shilingi 30 kila siku hutoa shilingi 10,950 kwa mwaka. Hata kama bustani italisha nyumba nusu ya mwaka tu, umebakiza zaidi ya shilingi 5,400. Weka bei zako mwenyewe mahali pa hizi nilizotaja, kwa kuwa bei hupanda na kushuka, kisha ulinganishe.

Nilipompigia hesabu hii mzee mmoja aliyekuja ofisini, alinitazama kwa muda akasema, "Bwana karani, unataka ning'oe chai yangu?"

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Mashina yaliyo nyuma ya jiko yanatoa majani?"

Akacheka. Mashina yale hukanyagwa na watoto, hukwaruzwa na kuku na kufunikwa na kivuli cha paa, na mchumaji huyapita bila kusimama. Karibu kila boma lina mahali kama hapo. Anza napo. Mzee akaondoka akisema atamuuliza mama watoto, na hilo ndilo jibu zuri, kwa maana bustani hii itakuwa yake huyo mama zaidi kuliko ya mwingine yeyote.

Udongo wa chai si udongo wa mboga

Hapa ndipo wengi hupotea. Udongo wetu mwekundu ni wa kina kirefu, lakini ni mchachu. Chai hupenda uchachu huo. Sukuma wiki, spinachi na vitunguu haviupendi. Hugeuka rangi ya manjano na kudumaa, na mkulima hudhani mbegu ilikuwa mbovu. Tena mbolea ya chai tunayoletewa kwa mkopo huongeza uchachu mwaka hata mwaka. Basi ukichukua mbolea iliyobaki katika gunia la chai ukaimwaga bustanini, majani yatakuwa mabichi sana kwa mwezi mmoja au miwili, halafu udongo utakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa.

Dawa ya udongo mchachu iko mekoni. Majivu ya kuni hupunguza uchachu. Yachekeche yasiwe na makaa makubwa, yatandaze nyembamba kama unga juu ya tuta, kiasi cha mkebe wa kilo 2 kwa kila futi 40 za mraba, kisha yachanganye na udongo kwa jembe. Fanya hivyo mara moja au mbili kwa mwaka, si kila asubuhi mnapozoa jiko. Na kwa sababu hiyo hiyo usiyatupe majivu katika chai. Nimeona mashina ya chai yaliyo kando ya shimo la majivu yakipauka, na mwenye shamba analaumu ugonjwa.

Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri ndiyo chakula kikuu cha bustani, debe moja kwa kila hatua mbili za tuta. Aliye na ng'ombe mmoja tu hana budi kuongeza majani. Yale maua makubwa ya manjano yenye majani machungu yanayoota kando ya barabara ni mbolea nzuri sana. Kata matawi laini kabla hayajatoa maua, yakate vipande vidogo, uyafukie katika tuta wiki mbili kabla ya kupanda. Wataalamu wa kilimo wameyapima, wakakuta yana chakula kingi cha mimea.

Nderema

Kama ningeruhusiwa kupanda mboga moja tu, ningechagua nderema. Ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya ua, wenye majani manene yanayong'aa na shina lenye maji. Jirani zetu wa Kisii na wa sehemu za Waluhya wanaijua sana, na hapa kwetu wazee wengi wanaikumbuka ikiota yenyewe kando ya mito. Vijana wameiacha kwa sababu huteleza mdomoni. Kosa hilo ni la upishi, na nitalieleza baadaye.

Nderema haihitaji mbegu. Kata vipande vya shina lililokomaa, kila kimoja kama inchi 9, chenye vifundo vitatu au vinne. Ondoa majani ya chini. Chimba shimo, changanya udongo na karai moja la samadi, kisha ukilaze kipande kidogo upande, vifundo viwili viwe chini ya udongo. Acha futi 2 baina ya mche na mche. Panda karibu na ua au simika vijiti, maana ikilala chini huoza na kuliwa na konokono. Baada ya miezi 2 hivi utaanza kuchuma.

Namna ya kuchuma ina faida kubwa. Usibanue jani moja moja. Kata ncha ya tawi, urefu wa inchi 6, kwa kisu. Chini ya pale ulipokata yatatoka machipukizi mawili, na kila moja utalikata tena. Hivyo kila unavyochuma mmea unazidi kuwa mnene. Ukiona maua madogo na matunda ya zambarau, yakate. Mmea unaozaa hupunguza majani. Mvua za Machi zinapoanza, kata mmea wote ubaki futi moja, uweke samadi, nao utaanza upya.

Sukuma wiki isiyokwisha

Watu hudhani sukuma wiki ni mboga ya msimu mmoja, kwa sababu huinunua kama miche, huichuma mpaka itoe maua, kisha huing'oa. Lakini ziko aina mbili. Moja huenda juu kwa shina moja, hiyo haikai sana. Nyingine hutoa matawi mengi ubavuni. Wazungu waliileta ikiwa chakula cha mifugo, wakaiita Thousand Headed, yaani yenye vichwa elfu. Hii ndiyo unayoitaka. Ukipata shina moja zuri kwa jirani, huna haja ya duka la mbegu.

Chagua tawi la ubavuni lenye urefu wa inchi 4 hadi 6, kutoka shina ambalo halijatoa maua na halina vidukari wala majani yenye mabaka. Nasisitiza hapo, kwa maana tawi hubeba ugonjwa wa mama yake. Kama majani ya mama yamejikunja na yana madoa ya manjano na kijani, usichukue hata tawi moja, ng'oa shina zima. Vuta tawi kwa mkono litoke na kisigino chake. Ondoa majani makubwa, ubakize mawili au matatu madogo ya juu. Liache kivulini kwa saa chache jeraha likauke, kisha lipande katika kitalu chenye kivuli na unyevu. Baada ya wiki 3 au 4 litakuwa na mizizi. Lihamishie tutani, futi 2 kila upande.

Usiache shina moja likae zaidi ya miaka 2, na usirudishe sukuma mahali pale pale. Kila mwaka anza tuta jipya dogo, tuta la zamani lipewe mboga ya jamii nyingine. Vidukari vikianza, vioshe kwa maji yenye sabuni ya kipande, asubuhi, chini ya majani hasa. Mkulima anayenyunyiza dawa kali leo na kuchuma kesho anawalisha watoto wake dawa.

Nyingine za kuongeza

Spinachi si ya kudumu kabisa, lakini katika baridi yetu hukaa mwaka mzima na zaidi ukichuma majani ya nje tu na kuacha moyo wake. Vitunguu vya majani hugawanywa. Ng'oa fungu, upande tena mche mmoja mmoja, kila mmoja utakuwa fungu. Mnavu wa majani mapana hukatwa inchi 6 juu ya ardhi, nao huchipua kwa miezi mingi. Lakini matunda yake mabichi ya kijani yana sumu, yasiingie sufuriani, na watoto waonywe.

Nduma zipewe mahali penye maji, kama pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo au kando ya mfereji, mbali na mikalitusi. Mkalitusi na nduma haviwezi kunywa katika kikombe kimoja. Mizizi na majani machanga huliwa, yote yakipikwa sana, kwa maana yakiwa mabichi huwasha koo.

Iko pia chayote, tunda la kijani lililo kama peasi lenye mikunjo, ambalo huonekana katika masoko ya sehemu za juu. Wengi hulila tunda tu, nao hawajui kwamba ncha za matawi yake ni mboga nzuri. Hupandwa tunda zima lililoanza kuchipua, likilazwa ubavu, nusu nje ya udongo. Jihadhari na nguvu zake. Mche mmoja watosha nyumba, uupe jukwaa imara la miti, na usiuache ufike kwenye chai, kwani utaifunika yote.

Watu huniuliza juu ya isagek. Hiyo si ya kudumu; hukua upesi, hutoa maua upesi na kufa. Ila ukiacha mimea michache ikomae na kumwaga mbegu mahali palipokuwa zizi, itaota yenyewe mvua zijazo. Ipe kona yake. Nyumba ya Mkipsigis bila isagek haijatulia.

Mlonge husifiwa sana redioni na katika simu. Ni mti wa pwani na wa nchi za joto. Katika baridi ya Kericho hukua kwa shida, usipoteze fedha zako.

Jambo la mwisho katika orodha hii ni la hatari. Liko jani refu, pana, lenye manyoya, liitwalo mabaki, lililoenea katika maboma mengi, na wako wanaolila kama mboga au kulinywa kama dawa. Imejulikana sasa kwamba lina sumu inayoharibu ini kidogo kidogo, bila mtu kusikia maumivu mwanzoni. Mwaka 2001 wakuu wa vyakula na dawa wa Marekani walizitaka kampuni ziache kuuza dawa za kunywa zenye mmea huo. Usiling'oe lako, lakini libadilishie kazi. Lioze ndani ya pipa la maji kwa wiki 3 na umwagilie mboga. Ni mbolea nzuri. Katika sufuria lisiingie kabisa.

Mvua ya mawe, baridi kali na kiangazi

Sehemu zetu ni miongoni mwa zile zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko karibu pote duniani. Baada ya mawe, mboga ya msimu imekwisha, utaanza na mbegu tena. Mboga ya kudumu ina mizizi. Kata matawi yaliyovunjika, weka samadi, subiri wiki 3. Vivyo hivyo kwa baridi kali kama ile iliyounguza chai nyingi Januari 2012. Na ugonjwa wa mahindi ulioonekana mara ya kwanza katika nchi hii huko Longisa, Bomet, mwaka 2011, uliwakuta wengi wasio na kitu kingine cha kula shambani isipokuwa mahindi hayo.

Wakulima wa Konoin na wa juu ya Kericho wanapata unyevu karibu mwaka wote, kwao kutandaza nyasi inchi 3 juu ya tuta kunatosha kuvuka Januari na Februari. Wale wa chini, Sigor na Chepalungu, lazima waongeze maji. Debe 2 kila jioni ya pili, yakimwagwa shinani na si juu ya majani, yatahifadhi mashina 20 yasife. Kuku wafungiwe nje kwa ua wa fito zilizokaribiana. Fuko atategwa, kwani anapenda mizizi ya nduma kama sisi. Anayepulizia chai dawa ya kuua magugu asifanye hivyo siku ya upepo, na aache futi 10 kando ya bustani bila kupulizia. Hapo palimwe kwa jembe.

Upishi

Osha majani kwanza, ndipo uyakate. Ukikata kabla ya kuosha, sehemu ya faida yake inamwagwa na maji. Usitie magadi ili mboga ilainike upesi, kwani huharibu vitamini. Nderema isipikwe peke yake. Sehemu moja ya nderema kwa sehemu mbili za isagek au mnavu, na utelezi hauonekani tena, bali ule ukavu na uchungu wa zile nyingine hupungua. Mama zetu walitia maziwa au malai katika mboga chungu, na walijua walifanyalo. Chakula kinacholinda macho ya mtoto kilichomo ndani ya majani hakiingii mwilini vizuri bila mafuta kidogo. Mtoto wa miezi 6 na zaidi apewe mboga hiyo ikiwa imepondwa laini.

Wakati mzuri wa kupanda ni mvua za Machi zikisha kushika, mpaka mwisho wa Mei. Tengeneza udongo kuanzia sasa. Jirani akikupa vipande vya nderema au matawi ya sukuma, yafunge katika gunia lililoloweshwa, uyabebe kivulini, na uyapande jioni ya siku hiyo hiyo. Nderema hata ikilala usiku mmoja haitadhurika, lakini tawi la sukuma likishanyauka halirudi.